Kilo Hamsini Kamili

Bwenini, 12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba leo hamjagombania jiko. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Chumbani tuko wanne, dirisha halifungi, na huyu wa kitanda cha juu yangu anakoroma kama mashine ya kusaga. Hayo nayavumilia.

Nisiloweza kulivumilia ni hili: kemia nimeanguka. Usinipigie kelele, nimeshajipigia mwenyewe. Nimepata thelathini na moja. Mkuu wa chuo ametuita sisi tulioanguka akatusomea sheria. Mtihani wa kurudia ni katikati ya Juni, mara moja tu, na atakayeanguka tena anafungasha. Alisema mtu asiyejua kukokotoa dawa hawezi kukaa nyuma ya dirisha la dawa.

Yanayonishinda ni mambo mawili. La kwanza ni hesabu za mmenyuko, ukiwa na gramu hizi za kitu hiki utahitaji gramu ngapi za kile. La pili ni nusu-uhai, muda ambao kitu hupungua hadi nusu yake. Mwalimu wetu huandika ubaoni huku ametupa mgongo, akimaliza anafuta. Nakuomba unifundishe kwa barua, kwa maswali yako yale. Unakumbuka paa letu lilipovuja ukatupa swali la ndoo ya lita kumi na nane na nusu? Na ulipong'oka jino, wiki ile ile tukakokotoa chokaa iliyomo kwenye jino la gramu 1.3. Darasa zima lilijua habari za nyumbani kwetu kupitia ubao, kwa sababu Mwalimu Mizani, kama tulivyokuita, hajui kubuni namba. Maswali ya vitabu yana namba nzuri nzuri ambazo hazijawahi kuishi popote. Yako nilikuwa nayaelewa.

Mama anaendeleaje? Aliponisindikiza alikuwa ameshika ubavu, akaniambia ni kuinamia cherehani. Sijaona mwandiko wake tangu hapo. Barua zinakaa njiani siku tisa au kumi, kwa hiyo usichelewe kujibu. Simu ya mlezi wa bweni ipo, ila hupokea habari za msiba tu. Ikilia, korido nzima tunanyamaza.

Mimi mtoto wako,
Kidomo

*

Nyumbani, 30 Januari

Kidomo,

Marahaba. Thelathini na moja! Hata kuku akidonoa karatasi ya majibu anaweza kufika arobaini. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Hapa tupo. Wifi yangu, yaani huyo mama yako, anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nimemwambia ajipikie. Tangu kaka yangu atuachie nyumba hii sisi wawili hatujakubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi, sembuse chai. Kuandika anasema mkono umechoka kwa sababu ya cherehani, lakini maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: "Mwambie asome. Kama ameshindwa kwa uvivu, asirudi. Kama ameshindwa kwa ugumu, aendelee." Amesema hivyo huku amenigeuzia mgongo.

Sasa kazi. Dawa nyeupe ya tumbo, ile ya chupa ya bluu, ina magnesi haidroksaidi. Kijiko chetu kimoja kina gramu 0.4 yake. Inakutana na asidi ya tumboni, haidrokloriki. Kijiko hicho kinamaliza gramu ngapi za asidi? Moli moja ya dawa ina gramu 58, ya asidi ina gramu 36.5. Sawazisha mlinganyo kwanza. Nasema kwanza. Ukiruka hapo utakuwa umejenga nyumba kuanzia paa.

Dirisha zibeni kwa gunia.

Shangazi yako

*

Bwenini, 14 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na habari za huko. Dirisha tumeliziba, sasa tuna giza na joto badala ya baridi. Mkoromaji amenipa nusu ya mshumaa wake, kwa hiyo nimemsamehe.

Jibu langu ni gramu 0.25. Nimechukua 0.4 nikagawanya kwa 58, nikapata moli 0.0069, nikazidisha kwa 36.5. Nimerudia mara nyingi na linatoka lile lile, kwa hiyo nadhani safari hii nimekupata.

Lakini kuna ninachotaka kuuliza. Nyumbani hatukuwahi kuwa na dawa ya tumbo. Nani anakunywa kijiko?

Mwambie mama asante kwa kunisema. Na ile sketi aliyoahidi kunishonea, nilimwachia vipimo ukutani kwa chaki. Hata isipokuwa na pindo, ailete hivyo hivyo.

Kidomo

*

Nyumbani, 3 Machi

Kidomo,

Marahaba. Umerudia mara nyingi kosa lile lile, na kosa ukilirudia halikomai likawa jibu. Umeruka kusawazisha. Dawa moja ina mikono miwili, inashika asidi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo moli zako zizidishe kwa mbili kabla ya kugusa gramu za asidi. Jibu ni 0.50. Dawa yako wewe imefanya nusu ya kazi, mgonjwa bado anaungua.

Dawa ya tumbo nilinunua mimi. Mtu akizeeka tumbo nalo linazeeka.

Sketi isubiri. Cherehani imehamishwa kutoka dirishani, tunapanga chumba upya. Chaki yako ukutani ipo. Mama yako anasema: "Mwambie kiuno kile hakipo tena kama anakula chakula cha bweni." Alicheka aliposema.

Leo nusu-uhai. Sahau maneno makubwa ya mwalimu wako. Dawa ikiingia mwilini, mwili huiondoa kwa nusu nusu. Kila muda fulani ukipita, inabaki nusu ya ile iliyokuwapo, si nusu ya ile ya mwanzo. Hapo ndipo wengi huanguka. Swali: mgonjwa wa kilo 47.3 anapewa miligramu 14 za dawa ya maumivu kila baada ya saa sita. Nusu-uhai wa dawa ni saa tatu. Kabla ya kipimo kinachofuata, imebaki kiasi gani kutokana na kile cha kwanza? Na eleza kwa nini mgonjwa huanza kulalamika saa ya tano.

Shangazi

*

Bwenini, 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na gunia letu limeoza. Mimi sijambo.

Jibu: 14, baada ya saa tatu 7, baada ya saa sita 3.5. Saa ya tano dawa imeshuka karibu na robo, maumivu yamepata nafasi ya kupita. Nimeelewa, Shangazi. Nilipoandika 3.5 niligonga meza mpaka wenzangu wakashtuka. Mwalimu alitoa swali kama hilo Jumatatu, mkono wangu ndio uliotangulia juu.

Ila mkono uliposhuka, nikaanza kufikiri. Kilo 47.3. Wewe una zaidi ya sabini, tunajua wote, ile mizani ya kusimamia tuliyokununulia kwa utani ulipostaafu haikufichi. Mama mwaka jana alikuwa na 61. Nani ana kilo 47.3 na nukta yake?

Niambie tu kwamba safari hii umebuni. Nitaamini.

Kidomo

*

Nyumbani, 11 Aprili

Kidomo,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, kisha jirani naye akawa na harusi, mambo yakawa mengi.

Jibu lako la 3.5 ni sahihi na maelezo ni sahihi. Nimelipigia vema kubwa kwa kalamu nyekundu, nikamwonyesha mama yako. Ameitazama karatasi kwa muda mrefu. Amesema: "Huyu kichwa amekitoa kwetu, si kwenu." Unaona jinsi nilivyo na subira.

Mgonjwa ni wa swali. Wagonjwa wa maswali wana kilo wanazotaka. Usichanganye kemia na umbea.

Swali jingine. Mgonjwa wa kilo 41.6 anapewa miligramu 26. Nusu-uhai ni ule ule, saa tatu. Anayempa dawa alisinzia kwenye kiti, akaamka saa tisa zimepita. Imebaki kiasi gani mwilini mwa mgonjwa wakati huo?

Onyesha hatua zote.

Shangazi

*

Bwenini, 24 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina habari za bweni leo.

26, 13, 6.5, 3.25. Imebaki miligramu 3.25, ambayo ni kama hakuna kitu. Huyo mgonjwa aliumia sana. Huyo aliyesinzia alikuwa amechoka sana, na hakuna mtu wa kumpokea zamu. Hatua zote ndizo hizo.

Nataka kuja nyumbani. Basi ni siku mbili. Nikiondoka Ijumaa nafika Jumapili asubuhi, nampa yeye siku moja na wewe usiku mmoja wa kulala, kisha narudi. Nimeuliza ofisini. Wanasema ruhusa kwa wanaorudia mtihani haipo, anayetoka bila ruhusa jina lake linafutwa. Nikasema sawa, lifuteni. Kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya choo kwa sababu sikujua kama nilikuwa nasema kweli.

Shangazi, sikuombi uniambie kitu. Niandikie neno moja tu, "njoo". Nitafunga sanduku kabla sijafika mwisho wa mstari.

Kidomo

*

Nyumbani, 9 Mei

Mwanangu,

Nimemsomea barua yako, yote, na sehemu ya choo pia. Nilidhani atalia. Ameinuka kidogo akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia wiki nyingi, nami nakuandikia kama ilivyotoka: "Mwambie hivi. Miaka kumi na moja nimeinamia cherehani ili akae nyuma ya dirisha la dawa. Akija kabla ya mtihani, simfungulii mlango. Akija baada, nitamfungulia mwenyewe." Kisha akaniambia nisiongeze neno langu. Mimi na yeye tuna makubaliano ambayo si ya kuandika kwenye barua. Nimeapa, na wewe unanijua. Kwa hiyo siandiki hilo neno unalolitaka.

Mtihani wako ni tarehe kumi na saba Juni. Tarehe kumi na nane panda basi. Si kesho yake, ni siku hiyo hiyo.

Hili ni swali, nalo ni gumu kidogo. Mgonjwa hawezi kusimama kwenye mizani, kwa hiyo mtu anambeba na kupanda naye. Wote wawili pamoja wana kilo 109.6. Mbebaji peke yake ana 71.4. Kipimo cha dawa ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mgonjwa. Tafuta kipimo, kisha tafuta kilichobaki baada ya saa sita. Nusu-uhai saa tatu.

Mbebaji hakuona uzito. Hilo halimo kwenye swali.

Shangazi

*

Bwenini, 21 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

109.6 toa 71.4 ni 38.2. Mara 0.9 ni miligramu 34.38. Baada ya saa tatu 17.19. Baada ya saa sita 8.595, sawa na 8.6.

Nimewaona mmesimama kwenye ile mizani. Nawaona kila nikifumba macho, wewe unachungulia namba juu ya bega lake.

Nitafanya mtihani. Mwambie nimesema nitafanya. Jana mwalimu alinipa swali la mmenyuko mbele ya darasa, nikasawazisha kwanza, nikalimaliza kabla hajageuka. Hakuna kilichonifurahisha.

Anisubiri. Siku ishirini na saba tu, Shangazi. Mwambie anisubiri.

Kidomo

*

Nyumbani, 3 Juni

Mpenzi wangu Kidomo,

Marahaba. Natumaini u mzima na unalala vya kutosha. Sisi tunaendelea vizuri. Mama yako anakusalimu sana.

Hili ni swali la mwisho kabla ya mtihani, lichukue kama zoezi la kutuliza moyo. Mgonjwa wa kilo 50 anapewa miligramu 100 za dawa. Nusu-uhai wa dawa ni saa 10. Baada ya saa 30, imebaki kiasi gani? Tuletee jibu.

Tunakuombea. Usiogope kitu.

Shangazi yako akupendaye

*

Bwenini, 18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Jana nimefanya mtihani. Yalikuja maswali mawili ya nusu-uhai na matatu ya mmenyuko, na nimeyapata yote. Nasema hivi bila majivuno, ni kama mtu anayesema ameosha vyombo.

Barua yako ilifika siku tatu kabla. Niliisoma kwenye ngazi. Kilo hamsini kamili. Miligramu mia kamili. Saa kumi kamili. Shangazi, umri wote huu hujawahi kubuni namba. Paa likivuja tunapata lita zake, jino likitoka tunapata gramu zake. Mama alikuwa na 47.3 mwezi wa tatu na 38.2 mwezi wa tano, hamsini atakuwa ameipata wapi? Nilipoona hakuna hata nukta moja nikajua hamna tena mgonjwa ndani ya nyumba wa kukupa namba. Na hukuniandikia neno lake. Barua zako zote zina neno lake, hata la matusi. Safari hii "anakusalimu sana", kama kadi ya dukani. Hukunitania hata mara moja.

Nimejua amekufa. Hukupiga simu ili nisianguke mtihani, najua, na najua ni yeye aliyekuapisha. Siku zile tatu sikulia, kwa sababu ningelia nisingeacha. Niliingia chumba cha mtihani nikiwa yatima, nikasawazisha milinganyo.

Jibu la swali lako silikupi. Sikulifanya. Ni swali la mtu ambaye hayupo.

Ulisema nipande basi leo. Sipandi. Usinikasirikie. Hakuna wa kunifungulia mlango, na mimi sina nguvu ya kukiona kitanda kile pale cherehani ilipokuwa. Bweni linafungwa leo mchana. Mkoromaji amenikaribisha kwao, mtaa wa nyuma ya chuo, nitakaa hapo mpaka matokeo yatoke mwezi ujao, niyalete kaburini yakiwa mkononi. Anwani yao nimeiandika nyuma ya bahasha. Sina haraka tena, Shangazi. Haraka yangu imekwisha.

Nisamehe, na wewe nimekusamehe.

Kidomo

*

Nyumbani, 28 Juni

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama huyo rafiki yako yupo, mwambie akae karibu nawe. Barua yako imefika jana. Nimeianza hii mara nne.

Swali lile sikulitunga mimi. Alilitunga mama yako.

Tarehe tatu aliamka na nafuu, akaomba supu, akaniona nimeshika kalamu. Akasema maswali yangu yote ya huzuni, leo atatunga yeye. Nikamwambia wewe kemia unaijulia wapi. Akasema amekaa na dawa hii miezi mitano, hakuna kemia anayoihitaji zaidi. Akaniamuru niandike. "Weka kilo hamsini. Nataka kuwa na kilo hamsini." Nikaandika. "Weka miligramu mia, ili asiumwe kabisa." Nikaandika. "Na hiyo nusu-uhai yenu weka saa kumi, ili alale mpaka asubuhi na wewe ulale." Hapo kalamu ilinishinda, ikabidi nitoke nje kidogo.

Alinikataza kuandika neno lake lolote, usije ukamtambua. Alitaka ulifanye ukidhani ni langu, kisha ukifika akwambie mwenyewe kitandani. Alicheka peke yake kwa siku mbili kwa ajili ya hilo. Mimi nilikuandikia zile salamu za dukani kwa sababu nilikuwa nalia na yeye ananichungulia. Sikufikiri. Mimi niliyewafundisha nyote kwamba namba zangu huwa na mwenyewe, sikufikiri utazisoma hivyo.

Mtihani ulipokwisha alikuwa hai. Tarehe kumi na nane asubuhi aliniagiza nimwoshe nywele. Tarehe ishirini, siku uliyopaswa kufika, nilimketisha kwenye kiti karibu na mlango, maana alisema atakufungulia mwenyewe na hakutaka kuambiwa vingine. Alikaa pale mpaka mabasi yote yakaisha. Nilimwambia labda limeharibika njiani. Kesho yake akakaa tena. Tarehe ishirini na mbili nilikwenda kupiga simu kwa mlezi wako, nikaanza kwa kumwambia si msiba. Akanijibu bweni limefungwa, wasichana wote wameondoka. Nikarudi mbio nikamwambia wifi yangu, yuko njiani, wamethibitisha. Akasema, "Si nilikwambia."

Kila siku aliuliza kama jibu limekuja. Tarehe ishirini na tatu hakuweza kukaa kitini tena. Nikachukua karatasi nikaandika kwa mwandiko wako, ule wa kuinama: mia, hamsini, ishirini na tano, kumi na mbili na nusu. Nikapiga vema kwa kalamu nyekundu, nikamwambia limeletwa na posta. Aliishika kwa mikono miwili. Akasema, "Nilijua atapata. Swali lenyewe nililifanya rahisi."

Aliondoka alfajiri ya tarehe ishirini na nne. Tulimzika siku iliyofuata. Sikukuita kwenye simu kwa sababu bweni lilikuwa limefungwa na nilidhani bado uko njiani, na watu wote wa mtaa walikuwa wakiangalia barabarani.

Hutaki nikudanganye, basi sikudanganyi. Nilipoisoma barua yako nilikukasirikia. Nilisema maneno mbele ya bahasha ambayo sitayaandika. Kisha nikajikasirikia zaidi, na bado nimo humo. Ulifanya hesabu sawasawa, Kidomo. Kila hatua. Nimeipitia barua yako na kalamu nyekundu mkononi nikitafuta mahali ulipokosea, na sikupaona.

Sketi yako aliimaliza mwezi wa pili, kabla cherehani haijaondolewa, akanikataza kukwambia mpaka uje. Ina pindo. Iko kwenye kiti cha mlangoni.

Njoo nyumbani. Usisubiri matokeo, nayajua, na yeye alikufa akiyajua. Mlango nitaufungua mimi. Kisha watakuja watu kutupa pole, na wapo watakaokuuliza jinsi alivyokwisha, maana watu hawana adabu. Mtu akikuuliza mama yako alikuwa na kilo ngapi, mwambie hamsini.

Shangazi yako